Dinosaria Wawili wa Daktari wa Meno

Daktari wa meno alitaka ukuta mmoja wa chumba chake cha kusubiri uchorwe dinosaria wawili wala nyama wakipigana, na alitaka meno yao yahesabike. Alikuwa na sababu. Watoto waliletwa kwake wakiwa wamefumba midomo kama iliyotiwa gundi, na yeye alikuwa amechoka kubembeleza. Wakitazama meno ya mnyama mkubwa kuliko nyumba, alimwambia Fundi, watasahau kidogo ya kwao. Fundi aliona ni wazo lenye akili, akakubali palepale.

Fundi alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mwandishi wa mabango. Ukipita mtaani kwao, herufi zote zilizonyooka zilikuwa za mkono wake: za kinyozi, za muuza vipuri, za shule ya chekechea. Kazi alifundishwa na baba yake. Aliacha shule akiwa kidato cha pili, mwaka ambao kazi zilimzidi Baba akahitaji mtu wa kumchanganyia rangi na kumshikia ngazi. Mdogo wake wa kiume aliendelea kusoma, akafika chuo, akavuka mpaka, akawa anafundisha wengine kuchora. Jambo hilo halikuwahi kukaliwa kikao. Lilitokea tu, na miaka ilipopita likawa limeshatokea.

Sasa Baba hakushika tena brashi. Miaka sita nyuma kiharusi kilimlaza, mkono wa kulia na mguu wa kulia vikalegea, na maneno yakamtoka yote isipokuwa moja. Ukimuuliza ameshiba, alisema "bado". Ukimuuliza anaumwa wapi, alisema "bado". Fundi alikuwa amejifunza kuisikiliza ile "bado" kwa namna yake, akijua ipi ni ya njaa, ipi ni ya choo na ipi ni ya kukasirika. Alimwogesha asubuhi, akamvisha, akamwacha kwa jirani, akaenda kazini. Jioni alianza upya.

Mdogo wake alikuja likizo ya wiki mbili, ya kwanza tangu Baba augue. Alikuja na koti zuri na redio kubwa ya zawadi, akaiweka karibu na kitanda cha Baba upande wa kulia, upande ambao Baba hawezi kunyoosha mkono. Fundi aliiona, akaihamishia kushoto. Moyoni alikuwa ameshampa mdogo wake jina: Profesa. Siku ya pili jina hilo lilimponyoka mdomoni, na mdogo wake akalicheka kama ni utani.

Siku ya tatu Profesa alimfuata kazini. Hakualikwa. Alisema anataka tu kuona.

Chumba cha kusubiri kilikuwa na viti tisa vya plastiki, meza ya mpokezi, na mlango ambao nyuma yake mashine ya kutoboa meno ililia kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Fundi alikuwa ameshatandika magazeti sakafuni, amepiga mistari ya miraba kwa chaki, na tiranosauri wake alikuwa amesimama ukutani kuanzia mkiani hadi kifuani. Profesa alitazama kwa muda, mikono nyuma.

"Dada, huyu ana vidole viwili tu," alisema. "Wewe umemwekea vitatu."

Alilisema kwa upole, na huo upole ndio uliomchoma. Kulikuwa na mama na binti yake, na mzee aliyevimba shavu, na mpokezi, na wote waligeuka kutazama vile vidole. Fundi alikuwa amevitoa kwenye kitabu cha watoto alichopewa na Daktari. Alishuka kwenye ngazi, akachukua rangi ya ukuta, akafuta kidole cha tatu kwa viboko viwili. 

Daktari alitoka na barakoa ikining'inia sikioni. Alipojua mgeni ni nani, alifurahi kupita kiasi. Akataka kusikia zaidi, na Profesa hakuhitaji kuombwa mara mbili. Alieleza kwamba huyu tiranosauri na huyo giganotosauri aliyepangwa kupigana naye hawakuwahi kuonana. Kati yao kuna miaka kama milioni thelathini, na kila mmoja alikuwa na bara lake.

"Kwangu watakutana," alisema Daktari. "Niambie tu nani angeshinda."

Hapo wakaanza, na Fundi akawasikiliza akiwa juu ya ngazi, mgongo umewaelekea. Daktari alitaka kuanzia kwenye meno, kama ilivyotarajiwa. Jino la tiranosauri, alisema, ni nene kama ndizi. Limeumbwa kuvunja mfupa, na nyuma ya taya kuna misuli ya kulisukuma. Profesa akasema ni kweli, lakini la giganotosauri ni jembamba na ukingo wake una vijino kama vya msumeno. Halivunji kitu, linachana. Mnyama wa namna hiyo hana haja ya kung'ang'ania. Anauma, anachana, anarudi nyuma, anamsubiri mwenzake amwage damu mpaka miguu imwishe.

Fundi aligeuka. "Na mwenzake atakuwa amesimama anamtazama?"

Hakukusudia kuingia katika mazungumzo yao. Lakini alikuwa ameishi na tiranosauri wake siku tano, amekipima kichwa chake mraba kwa mraba, na alijua kitu ambacho hakukisoma popote. Macho ya mnyama huyu, alisema, yanatazama mbele yote mawili, kwa hiyo anajua kitu kiko umbali gani. Kichwa chake ni kipana huku nyuma, si kama cha yule mwingine, kirefu na chembamba kama sanduku lililosimamishwa kwa ubavu. Urefu wanakaribiana, lakini huyu ana mwili wa kujaa. Atakubali kuchanwa mara moja ili asogee. Akishashika, hakuna kurudi nyuma tena.

"Umeona," Daktari alimwambia Profesa. "Dada yako si mtu wa mchezo."

Kisha akafanya jambo ambalo Fundi hakumsamehe mpaka kazi ilipoisha. Aliugawa ukuta. Dada amalize tiranosauri, kaka achore giganotosauri, na wakutane katikati. Alidhani anawapa furaha. Profesa alitazama viatu vyake, akasema ni kazi ya Dada, hawezi kuingilia. Lakini kesho yake alikuja amevaa suruali kuukuu ya Baba, na brashi zake mwenyewe zilizokunjwa kwenye kitambaa.

Alichora vizuri. Hilo Fundi hakuweza kulikana, na alilichukia. Mnyama wake aliota ukutani kwa siku mbili, ngozi ikiwa na mikunjo, kivuli kikiwa mahali pake chini ya taya. Fundi alikuwa amezoea kufanya kazi polepole, mstari mmoja usiotikisika; mdogo wake aligusagusa, akarudi nyuma, akafumba jicho moja, akagusa tena. Wagonjwa walianza kuchagua upande. Mpokezi alikuwa wa giganotosauri. Mzee wa shavu, aliyerudi kung'olewa gego, alikuwa wa tiranosauri. Mpokezi akawa anauliza kila anayeingia, na watoto waliofika wamenuna walijikuta wakibishana kuhusu meno, midomo wazi, mpaka Daktari akawa anachungulia mlangoni na kucheka peke yake.

Fundi hakucheka. Nyumbani Profesa alikula alichopikiwa, akamsimulia Baba habari za chuo kwa sauti ya juu kana kwamba Baba ni kiziwi, kisha akatoka kwenda kusalimia marafiki. Alimpa Baba uji mara moja tu. Ulimwagikia kifuani, akamwita Dada.

Alhamisi ilikuwa zamu ya Baba ya mazoezi ya viungo. Asubuhi Profesa alimuuliza Fundi kama anahitaji msaada, Fundi akasema hapana, aende tu kazini kwake. Alilisema kwa namna ambayo mtu yeyote mwenye masikio angeelewa. Profesa akasema sawa, akachukua brashi zake, akaenda.

Mazoezi yalikuwa hospitalini, kwenye chumba kirefu chenye fito mbili za chuma. Baba alisimama katikati yake na Fundi akamshika kiunoni, huku muuguzi akitangulia kinyumenyume. Hatua ya kwanza, ya pili. Kila baada ya hatua Baba aligeuza shingo kutazama mlangoni. Muuguzi alimwambia atazame mbele. Baba akasema "bado", na Fundi akaielewa, ingawa hiyo alikuwa hajawahi kuisikia. Baba alikuwa anamsubiri mwanawe aje amuone anatembea. Alipiga hatua sita. Alikuwa hajawahi kufika sita. Aliketi, akalia upande mmoja wa uso, na mlangoni hakuwa amefika mtu.

Fundi alimrudisha nyumbani, akambadilisha nguo, akamkabidhi kwa jirani, akaenda kazini bila kula. Ilikuwa saa nane mchana.

Alipofungua mlango wa chumba cha kusubiri, aliona kwamba vita imekwisha. Giganotosauri alikuwa amevuka katikati ya ukuta. Kichwa chake kirefu kilikuwa kimezama shingoni mwa tiranosauri, meno yote kazini, na damu ilikuwa imechuruzika kifuani mpaka kwenye vile vidole viwili. Jicho la tiranosauri, ambalo Fundi alilichora kwa nusu siku nzima ili liwe hai, lilikuwa limewekewa utando mweupe.

"Ilibidi nikutanishe," alisema Profesa kutoka kwenye ngazi. Alikuwa na furaha, rangi nyekundu imemganda kwenye kiwiko. "Daktari ameipenda sana."

Fundi alikwenda kwenye makopo yake. Alimimina rangi nyeupe kwenye sinia, akalowesha rola, akaenda ukutani, akapiga. Rola ilipita kwenye taya, ikapita kwenye pua, ikapanda mpaka kwenye jicho. Profesa aliruka chini, akamshika mkono. Fundi akajikwamua, akapiga tena. Kwa muda mfupi tu giganotosauri akawa mwili mkubwa usio na kichwa, rangi nyekundu na nyeupe zikichanganyika zikawa waridi na kutiririka kwenye magazeti.

"Una wazimu?" alisema Profesa. "Siku tatu nzima."

"Ulipokuwa unamuua mnyama wangu, mimi nilikuwa nimemshika baba yako kiunoni," alisema Fundi. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikazidi kukua. "Ametembea hatua sita. Kila hatua alikuwa anakutafuta mlangoni. Mchoraji gani wewe, usiyeona kitu? Unakuja, unauma, unarudi nyuma. Huyo mnyama hukumtoa kitabuni, ni wewe mwenyewe."

"Nilikuuliza asubuhi. Ulisema hapana."

Ni kweli alisema hapana, na ukweli huo ukamwongezea hasira, kama mtu anayekwaruzwa palepale palipochubuka. Alimwita majina ambayo hakuwa ameyatumia tangu wakiwa watoto. Profesa naye akajibu, tena kwa sauti ya kufundishia, mpaka mashine ndani ikanyamaza na Daktari akatoka, glavu mkononi. Alitazama ukuta. Akawatazama wao, kisha wagonjwa wake wanne waliojikunyata vitini.

"Hapa watu wanakuja na maumivu ya kutosha," alisema. "Nendeni nyumbani. Rudini kesho mkiwa mmenyamaza."

Walirudi nyumbani kila mmoja kwa njia yake.  Alfajiri, Fundi alivaa, akafunga kilemba, akasimama kwenye mlango wa chumba ambamo mdogo wake alikuwa bado amejifunika.

"Leo Baba ni wako," alisema, akaondoka.

Njiani alijiambia kwamba hataki kujua. Alipofika alianza kukwangua kwa msasa ile rangi iliyoganda vibaya, na vumbi likamwingia puani, na kila mlango ulipofunguliwa alishtuka. Saa tatu ikapita, ikafika saa tano. Alijua saa hizo Baba anapaswa kuwa ameshageuzwa ubavu. Alijua sabuni iko wapi na kwamba mtu mwingine hawezi kujua ilipo. Mara mbili alishuka ngazi akitaka kwenda, mara mbili akapanda tena, hasira ikimkaza miguu.

Profesa alikuja saa sita, amemwacha Baba kwa jirani. Fundi alikuwa nyuma ya jengo, kwenye bomba, anaosha brashi. Shati la mdogo wake lilikuwa limelowa hadi kifuani, na kwenye kifundo cha mkono alikuwa na alama za kucha. Alisimama mbali kidogo.

"Ana kidonda mgongoni," alisema.

"Kinapona. Kilikuwa kikubwa kuliko hicho."

"Hawezi kujigeuza. Hawezi kushika kijiko. Nilimwangusha, Dada. Aliteleza, akanishika hapa, nikashindwa kumwinua, tukakaa chini sakafuni wote wawili kwenye maji." Alifuta pua kwa mkono. "Nilikupigia kila Jumapili. Miaka sita. Nikakuuliza, ukasema hajambo, anakula, anakusalimu."

"Ulitaka nikuambie nini?"

"Ukweli."

"Ungekuja?"

Profesa alifikiri, na Fundi akaona kwamba anafikiri kweli, hatafuti neno zuri. "Sijui," alisema. "Lakini uliamua kwa niaba yangu. Ulitaka ubaki peke yako naye, ili uwe na haki ya kunichukia."

Fundi alikuwa na brashi mkononi, na aliirusha. Ilimpiga mdogo wake begani, ikaanguka. Hakuna aliyeiokota. Maji yaliendelea kumwagika. Alizikumbuka zile Jumapili: yeye amesimama jikoni na simu sikioni, siku Baba alipoanguka bafuni, siku alipokataa kula, na bado akasema hajambo, kwa sauti ya kawaida kabisa. Na alipokata simu, alihisi kitu kinachofanana na ushindi. Alimwachia mdogo wake raha yake, na kila raha aliyomwachia aliiandika mahali.

"Na wewe uliamini," alisema hatimaye. "Ulikuwa unajua mtu wa kiharusi anakuwaje. Uliamini kwa sababu ilikufaa."

"Ndiyo," alisema Profesa. "Ilinifaa."

Fundi alifunga bomba. Wote wawili walikuwa bado na hasira, na walikuwa wamesimama karibu sana, wakihema kama waliobeba kabati kwenye ngazi za ghorofa. Hakuna aliyemwomba mwenzake radhi. Profesa ndiye aliyeokota brashi.

Siku mbili zilizofuata walifanya kazi karibu bila maneno. Profesa alichora upya kichwa cha mnyama wake, safari hii upande wake wa ukuta. Fundi alilitoa lile jicho kwenye utando, akalirudishia weusi na nukta yake ya mwanga. Kati ya pua mbili wakaacha nafasi ya mkono mmoja ulionyooshwa. Daktari alipoona alilalamika. Yeye aliomba vita, na hawa wanaonekana kama wanasalimiana. Profesa akaanza kueleza habari za watoto kumalizia wenyewe kwa mawazo. Fundi akamkatiza, akasema Daktari ana haki, aliyeomba vita apewe vita.

"Mimi nitamjeruhi wako," alimwambia mdogo wake, "na wewe umjeruhi wangu. Lakini shingoni usiguse."

Profesa alimchana tiranosauri kwenye paja, michirizi mitano myembamba iliyokwenda sambamba, kama ambavyo jino la msumeno lingefanya. Fundi alivunja mbavu mbili za giganotosauri, akazifanya zibonyee ndani kwa kivuli tu, na akamng'oa jino moja la mbele. Jino lenyewe alilichora ardhini chini ya miguu yao, mzizi na yote. Daktari alilitazama kwa muda mrefu kuliko kitu kingine chochote pale ukutani, akauliza nani kamfundisha mzizi wa jino unavyokaa. Fundi akasema ameliona gego la yule mzee kwenye sinia la Daktari.

Hakuna aliyeshinda, na mabishano hayakuisha. Mpaka leo mpokezi anasema giganotosauri angemaliza kazi, asubiriwe tu.

Wiki moja baadaye likizo ilikuwa inaisha, na Profesa alitakiwa kuondoka Jumatatu. Jumapili mchana, akiwa anakausha beseni uani, alimwambia dada yake kwamba amezungumza na chuo, wamempa ruhusa mpaka mwisho wa muhula.

"Sikukuomba," alisema Fundi.

"Sikai kwa ajili yako."

Alikuwa na la kumjibu, tena kali, lakini mdogo wake alikuwa ameshaingia ndani na lile beseni. Alisikia maji yakimwagwa, akasikia "bado" ya kukasirika, na Profesa akisema sawa, sawa, Baba, nimeelewa. Fundi alisimama uani, mikono mitupu, hajui ishike nini. Mwishowe alikwenda kujilaza. Alikuwa hajawahi kulala mchana tangu Baba augue. Alilala saa tatu nzima, kama jiwe.

Alipoamka jua lilikuwa limeshuka dirishani. Alikwenda chumbani kwa Baba, akamkuta ameketishwa na mito imewekwa ovyo, bega la kulia likining'inia, kitu ambacho alikwisha kumwambia mdogo wake mara nne kwamba kinamtegua bega. Profesa alikuwa pembeni anamsomea gazeti. Fundi aliingia, akaivuta ile mito, akaanza kufoka. Mdogo wake akaweka gazeti chini, akasema basi amuonyeshe vizuri badala ya kupiga kelele. Na yeye akasema alishamwonyesha, tatizo hana kichwa. Na Profesa akapandisha sauti, na Baba katikati yao akawa anamgeukia huyu, anamgeukia yule. Walifokeana mpaka mito ikakaa sawa.